Kutoka Kigoda hadi Sofa ya Kona: Historia ya Sebule ya Familia Mtinko

Sebule ya familia katika Mtinko, kata ya Wilaya ya Singida iliyoko kaskazini mwa mji wa Singida, kwenye barabara ipitayo Ilongero kuelekea Haydom, ni chumba chenye umri mdogo. Kwa sehemu kubwa ya historia ya Unyaturu, yaani nchi ya Wanyaturu, mgeni alipokewa uani, akakalishwa juu ya kigoda au ngozi ya ng'ombe. Sofa kubwa iliyopangwa kufuata kuta za chumba cha mbele imeenea katika muda wa vizazi viwili tu. Mabadiliko hayo hayakuanzia kwa seremala. Yalianzia kwenye paa: lilipobadilika, upana wa chumba ulibadilika, na upana wa chumba ndio ulioamua watu wakalie nini. Baadaye umeme na runinga viliamua wakalie wakitazama wapi.

Tembe, ua na kigoda

Wanyaturu, ambao kwa lugha yao hujiita Arimi, walikuwa wajenzi wa nyumba za tembe kama majirani zao Wagogo na Warangi. Ukuta wa tembe ulikuwa wa nguzo zilizosimikwa na kufungwa fito, kisha ukakandikwa udongo. Paa lilikuwa bapa: boriti, juu yake fito, juu ya fito nyasi, na mwisho tabaka nene la udongo. Katika uwanda mkavu wa Singida, wenye upepo mwingi na miti mikubwa michache, ujenzi huo ulikuwa na faida zake. Udongo ulizuia joto la mchana lisiingie na baridi ya usiku isipenye, na paa bapa lilifaa kuanikia mtama na uwele.

Paa la udongo, hata hivyo, ni zito, na hulemea zaidi likilowa mvua. Ili lisibonyee, nguzo zilisimikwa ndani ya nyumba kwa kukaribiana, na chumba kikabaki chembamba. Dari ilikuwa fupi, mlango mfupi zaidi, na aliyeingia aliinama. Mwanga uliingia kwa mlango huo, na moshi wa mafiga ukatokea hapo hapo. Ndani yalikuwamo mawe ya kusagia, vilindo vya nafaka, mahali pa kulala, na mara nyingi ndama na mbuzi waliofichwa wasiliwe na fisi. Nafasi iliyobaki haikutosha watu kukaa na kuzungumza.

Kwa hiyo maisha ya mchana yalikuwa nje. Ua wa mji, yaani makazi ya familia yenye nyumba na zizi la ng'ombe, ndio uliofanya kazi ambayo leo hufanywa na sebule. Hapo wazee walisuluhisha kesi, wageni wakapewa pombe ya mtama, na mahari ikajadiliwa.

Kikalio cha ua huo kilikuwa kigoda, kilichochongwa kutoka gogo moja bila kiungo wala msumari. Vigoda vingi vya Tanzania ya kati vina miguu mitatu, kwa sababu kitu chenye miguu mitatu hakitikisiki juu ya ardhi isiyo sawa, wakati cha miguu minne huyumba uwanja ukiwa na mabonde. Kigoda kilikuwa chepesi, na mwenyewe aliweza kukihamisha kufuata kivuli. Wanaume wazima walikalia vigoda. Wanawake na watoto walikaa chini juu ya ngozi au mkeka, miguu wameinyoosha. Heshima ilipimwa kwa kimo cha kikalio kutoka ardhini, hata kama tofauti ilikuwa ya shibiri moja au mbili.

Mahali pengine kimo hicho kiliongezwa makusudi. Magharibi mwa Singida, katika Unyamwezi, watemi walikuwa na vigoda vyenye mgongo mrefu uliochongwa umbo la mtu; kimoja mashuhuri, kilichochukuliwa Buruku mwishoni mwa karne ya 19, kimo katika makumbusho ya Berlin. Pwani, katika Lamu, Mombasa na Zanzibar, kiti cha enzi cha mpingo, chenye nakshi za pembe na kamba zilizosukwa, kiliwekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima. Unyaturu haukuwa na dola ya namna hiyo, wala mali haikuwekwa kwenye vyombo vya nyumbani. Harold Schneider, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti miongoni mwa Wahi, tawi mojawapo la Wanyaturu, mwaka 1959 na 1960, alionyesha jinsi nafaka ya ziada ilivyogeuzwa kuwa ng'ombe. Tajiri alijulikana zizini, si ndani ya nyumba.

Kiti chenye mgongo

Kiti cha miguu minne na mgongo kiliingia kupitia boma, shule na kanisa. Kupatikana kwake kulitegemea pia usafiri. Wajerumani waliijenga reli ya kati iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Chini ya Waingereza, katika miaka ya 1930, tawi la reli lilitoka Manyoni likapita Singida hadi Kinyangiri, kisha likang'olewa katika miaka ya 1940. Kwa miongo iliyofuata mizigo mizito ya kaskazini mwa Singida ilitegemea lori, jambo lililofanya bati, saruji na fenicha ya kiwandani viwe ghali na adimu.

Wamisionari wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani walianza kazi Iramba na Singida katika miaka ya 1920, na Wakatoliki nao walifungua vituo. Kila kituo kilihitaji madawati, milango, meza na viti, na vijana waliofanya kazi hapo walijifunza randa, msumeno na viungo vya ulimi na tundu. Nyumba za maofisa wa serikali nazo zilikuwa na fenicha ya Idara ya Kazi za Umma: viti vizito vya mbao ngumu, mikono mipana, na mito miwili ya kuondolewa, mmoja wa kukalia na mwingine wa kuegemea. Muundo huo ndio mzazi wa makochi ya mbao yaliyoenea vijijini baadaye.

Kiti cha kwanza katika mji wa Mnyaturu kwa kawaida kilikuwa cha mwalimu, katekista, karani au mtu wa utawala. Kilikuwa kimoja au viwili, kikipewa mgeni wakati mwenyeji anakaa kigodani. Pamoja nacho vilienea viti vya kukunja vya wazee, vyenye kikalio cha ngozi ya ng'ombe au turubai. Viti hivi vyote viliendelea kuishi uani. Usiku viliingizwa ndani visiibiwe wala kunyeshewa. Asubuhi vilitolewa tena, kwa kuwa chumba cha tembe kilikuwa na giza na hakikuwa na mahali pa kuviweka vikatazamana.

Bati lafungua chumba

Azimio la Arusha la mwaka 1967 na operesheni za vijiji za miaka ya 1970 ziligeuza mpangilio wa makazi. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 wananchi wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji, na miji iliyotawanyika ilihamishiwa kwenye viwanja vilivyopangwa kwa mistari kando ya barabara. Pamoja na kuhamishwa kulikuwa na wito wa nyumba bora: tofali, madirisha, na paa la bati. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wito huo uligonga ukuta wa uhaba. Bati na saruji vilikuwa bidhaa za kibali na foleni. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, na zaidi kuanzia 1986, bati lilipatikana madukani, na mwenye fedha ya mazao au ya mifugo aliweza kulinunua.

Fedha hiyo baadaye ilitoka sana kwenye alizeti na vitunguu, mazao yaliyoufanya mkoa wa Singida ujulikane nchini kwa mafuta ya alizeti na kwa soko la vitunguu la Misuna. Mishahara nayo ilichangia: walimu, watumishi wa kata, na wauguzi, wakiwamo wa hospitali ya Kikatoliki ya St. Carolus iliyoko Mtinko. Katika miaka ya 2010 uongozi wa mkoa ulihimiza kwa nguvu tembe ziondolewe, ingawa hazijaisha.

Bati ni jepesi. Kenchi ya mbao za mbili kwa nne huvuka chumba cha mita nne au zaidi bila nguzo katikati, na mteremko wake hulipandisha paa juu ya kichwa cha mtu mrefu. Kwa mara ya kwanza familia ilipata chumba kipana, chenye dirisha na mlango wa kuingilia bila kuinama. Ramani iliyokubalika ni ya nyumba yenye sebule mbele, vyumba vya kulala viwili au vitatu vinavyoelekea kwenye ukumbi mwembamba, na mlango wa nyuma unaotokea uani, ambako jiko na choo vimebaki. Ua haukufa. Ulipoteza wageni wa heshima, ukabaki na kazi za kupepeta, kuanika na kupika.

Sebule hiyo ilijazwa kwanza na makochi ya mbao. Seremala wa kijijini alitengeneza seti ya kochi la watu watatu, moja la wawili na mawili ya mtu mmoja mmoja, kwa mninga au mbao nyingine ngumu kutoka misitu ya miombo ya kusini na magharibi mwa mkoa. Mpangilio ulikuwa mmoja karibu kila nyumba: migongo yote ukutani, meza katikati, stuli ndogo pembeni, redio juu ya kabati la vyombo lenye vioo. Chumba kilipangwa kwa mazungumzo, na kila aliyekaa aliwaona wengine wote, kama ilivyokuwa uani.

Juu ya makochi vilitandikwa vitambaa. Ufumaji kwa sindano ya kulabu ulifundishwa katika madarasa ya maarifa ya nyumbani, vikundi vya wanawake vya kanisa na vya maendeleo, na shuleni, kisha ukawa mali ya kila binti. Kitambaa cha mgongoni hukinga mafuta ya nywele, cha mikononi hukinga jasho na vumbi, na vyote hufuliwa Jumamosi ili Jumapili sebule iwe tayari. Katika nchi yenye upepo na vumbi jekundu, vitambaa hivyo ndivyo vilivyomwezesha mtu kuwa na kikalio cha nguo bila kukiharibu.

Sofa ya sponji

Hatua iliyofuata ilitokana na kemia. Povu la polyurethane, plastiki iliyobuniwa Ujerumani na Otto Bayer na wenzake mwaka 1937, lilianza kutumika kwa mito na magodoro katika miaka ya 1950. Viwanda vya magodoro vilipoanzishwa Tanzania, sponji ikawa kitu cha dukani. Sofa ya zamani ya Ulaya ilihitaji chemchemi za chuma na manyoya ya farasi yaliyopangwa na fundi bingwa. Ya sponji huhitaji fremu, kisu kikali, gundi na mashine ya cherehani.

Katika karakana za Singida kazi huenda hivi. Fremu hujengwa kwa mbao za bei nafuu, kwa kuwa zitafunikwa na hazitaonekana. Chini ya kikalio hupigiliwa mikanda iliyosukwa kama ukili, au vipande vya mpira wa tyubu za magari, ambavyo hunyumbuka na havioti kutu. Juu ya mikanda hutandikwa gunia, kisha sponji ngumu ya kukalia. Mgongoni huwekwa iliyo laini zaidi. Mwisho huvutwa kitambaa cha mahameli au leza, kikibanwa kwa misumari midogo au pini. Ubora wa sofa umo mahali pasipoonekana: mikanda iliyoachana mno au sponji nyepesi huacha shimo katikati ya kikalio baada ya muda mfupi, hata kama kitambaa bado kinang'aa.

Kwa kuwa mbao haionekani, seremala aliachana na nakshi, na umbo likatawala. Mikono ikanenepa, migongo ikapanda, na seti ya 3-2-1-1 ikapata mshindani, sofa ya kona yenye umbo la L. Mitindo hushuka kutoka Keko, Dar es Salaam, kitovu cha zamani cha fenicha, na siku hizi kutoka picha za simu ambazo mteja humpelekea fundi. Sofa pia imeingia kwenye desturi za ndoa. Katika sherehe ya kumuaga binti wazazi na ndugu humpa vyombo vya kuanzia maisha, na seti ya sofa ni miongoni mwa zawadi zinazotajwa kwa sauti mbele ya wageni.

Hesabu ya chumba

Sofa kubwa ilipofika ilikuta sebule zilizojengwa kwa ajili ya makochi membamba. Kochi la mbao lina kina cha sentimita 70 hivi. La sponji hufika 90 au zaidi. Tofauti hiyo, ikizidishwa kwa kuta mbili, hula karibu nusu mita ya sakafu.

Mfano wa kawaida ni sebule ya futi 12 kwa 14, yaani mita 3.66 kwa 4.27. Sofa mbili zikiwekwa zitazamane kwa upande mwembamba, kila moja na kina cha sentimita 90, zinachukua sentimita 180. Meza ya katikati yenye upana wa 60 inahitaji nafasi ya magoti ya 40 kila upande. Jumla ni sentimita 320, na zinabaki 46 tu. Mtu mzima anahitaji angalau 60 kupita bila kujipindua, na aliyebeba sinia anahitaji zaidi.

Familia hutoka kwenye mbano huo kwa njia chache. Meza kubwa huondolewa, zikabaki stuli za kupangwa moja ndani ya nyingine, zinazotolewa mgeni anapofika. Au sofa ndefu huwekwa kwenye ukuta mrefu usio na mlango, na makochi ya mtu mmoja husogezwa kwenye pembe. Au hununuliwa sofa ya kona, ambayo huacha kuta mbili wazi. Kona inayofaa ni ile iliyo mbali na milango, kwa sababu sebule nyingi zina milango miwili au mitatu, wa mbele, wa ukumbini na pengine wa chumba, na njia kati yao haiwezi kufungwa. Upande mrefu wa L ukielekea kwenye mlango, kila anayepita huuzunguka. Dirisha nalo lina neno lake: mgongo wa sofa ukiliziba, upepo hukosekana, na jua la alasiri hupausha rangi ya kitambaa. Ndiyo maana kahawia iliyokolea, maruni na kijivu hupendwa kuliko rangi za kung'aa, ambazo pia huonyesha vumbi upesi.

Kuna pia suala la kuingiza. Fremu ya mlango wa mbele huwa na upana wa sentimita 80 hadi 90, na sofa yenye kina cha 90 haipiti ikiwa wima. Huinamishwa, ikaingizwa kwa ubavu, mgongo kwanza. Fundi mzoefu haifungi miguu hadi sofa iwe ndani, na sofa ya kona huijenga vipande viwili vinavyounganishwa kwa bolti. Katika nyumba ya tembe fenicha ya aina hiyo isingepita mlangoni.

Umeme na runinga

Hadi miaka ya 1990 sebule haikuwa na kitu cha kutazamwa. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilianza kupata vituo mwaka 1994, ITV ikiwa miongoni mwa vya kwanza, na televisheni ya taifa ilifuata mwaka 2000. Vijijini watu walitazama mpira na filamu katika mabanda ya video yenye jenereta, kwa kiingilio. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ilianzisha Wakala wa Nishati Vijijini, REA, na katika miaka iliyofuata nguzo za umeme zikasogea kwenye kata nyingi. Kwingine paneli za jua zilitangulia. Ving'amuzi vya dijitali vilikamilisha kazi hiyo.

Runinga ilibadilisha jiometria ya chumba. Duara la mazungumzo lilifunguka upande mmoja. Ukuta wa kabati la vyombo ukawa ukuta wa runinga, na sofa iliyokuwa chini yake ikahamishwa. Umbo la L lilipata mafanikio kwa sababu hiyo: linakalisha watu sita au saba, na wote wanaona kioo bila yeyote kukipa mgongo. Sehemu ya sakafu iliyobaki wazi hutandikwa zulia, nalo limekuwa kikalio cha watoto.

Nani anakaa wapi

Cheo kilichopimwa zamani kwa kimo cha kigoda sasa husomwa kwenye mahali. Kochi la mtu mmoja, hasa lile linaloelekea mlango na runinga kwa pamoja, ni la baba mwenye nyumba. Asipokuwepo watoto hulikalia, na akibisha hodi huhama bila kuambiwa. Mgeni huelekezwa sofa ndefu. Washenga wanaoleta posa hukaa upande mmoja na wazee wa binti upande wa pili, jambo linalozipa seti za vipande nguvu ambayo sofa ya kona haina. Katika L pande mbili za mazungumzo huishia kukaa bega kwa bega, na familia nyingi huongeza viti vya pembeni siku hiyo.

Wakati wa msiba sebule hurudi kwenye desturi ya kukaa chini. Sofa hutolewa nje au husukumwa chumbani, na mikeka, majamvi na maturubai hutandikwa sakafuni. Wanawake hukaa humo na wafiwa usiku na mchana, huku wanaume wakikaa uani kwenye mabenchi na viti vya plastiki. Sofa yenye vipande vinavyotenganishwa hapa ina faida ya pili: vijana wanne huihamisha kwa dakika chache.

Hali ya sasa

Nyumba mpya za Mtinko zinaonyesha kwamba uhusiano kati ya jengo na kikalio umegeuka. Zamani paa liliamua chumba, na chumba kikaamua kikalio. Sasa mwenye kiwanja humweleza fundi aina ya sofa anayoitaka kabla msingi haujachimbwa. Sebule hupanuliwa hadi futi 14 kwa 16 au zaidi, mlango wa mbele huwa wa mabawa mawili, dirisha hupandishwa juu ya kimo cha mgongo wa sofa, na ukuta mmoja huachwa bila mlango na kutengewa soketi ya runinga. Nyumba za bati za kizazi kilichopita huendelea na makochi ya mbao, ambayo mara nyingi hurudishwa kwa fundi yakawekewe sponji na kitambaa kipya juu ya fremu ile ile ya mninga. Kigoda nacho kimehamia jikoni, ambako ufupi wake unalifaa jiko la mafiga. Sherehe kubwa na mikutano ya ukoo, ambayo haienei katika sebule ya ukubwa wowote, hufanyika uani kwa viti vya plastiki vya kukodi.